Saa Iliyorudishwa Nyuma

Mvua ilikuwa imekatika, ila maji yaliendelea kuchuruzika kutoka kwenye mapaa ya kiwanda cha chai cha Ilenge pale Subilaga Mwakalobo alipoingia getini akikimbia. Alikuwa amekumbatia mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko, imeviringishwa kwenye kitenge isilowe, mlikuwa na diski ndogo kama kiganja.

"Kompyuta yenu kubwa iko wapi?" aliuliza kabla hata ya salamu.

Aliyekuwa akimngoja barazani alikuwa Gwakisa, fundi umeme wa kiwanda, mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, ovaroli yake ya bluu imechakaa magotini. Walikuwa wakijuana kwa sura tu, kwa kupishana sokoni.

"Iko ofisini, juu. Meneja amesema utumie chochote unachotaka. Jenereta nimeiwasha, kwa hiyo umeme usikuwazishe, dada."

Walipanda ngazi. Katikati Gwakisa alisimama, akashika ukuta, akavuta pumzi.

"Kumbe na wewe unayo pampu?" Subilaga alimuuliza.

"Ninayo, mwaka wa pili sasa." Aligonga kifua chake kwa kidole. "Tangu asubuhi naisikia inapunguza. Inakwenda kama mtu anayetembea huku anasinzia."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Homa iliyopita kwenye milima ya Rungwe miaka ya nyuma iliacha mioyo mingi imelegea, na karibu watu mia mbili wa wilaya hiyo waliishi kwa pampu iliyopachikwa ubavuni mwa moyo. Kila nusu siku pampu zile zilisikiliza sauti ya seva iliyokuwa kwenye zahanati ya daktari Lusajo. Seva ikitoa kibali cha kuendelea, ziliendelea. Zisiposikia kitu zilipunguza mwendo, kidogo kidogo, mpaka mwenye nayo ashindwe kusimama, kisha ashindwe kukaa. Kampuni iliyozitengeneza iliweka utaratibu huo kwa hofu ya pampu za magendo. Baadaye kampuni ilifilisika, wenyewe wakatawanyika, utaratibu ukabaki vifuani mwa watu.

Na alfajiri ya siku hiyo radi ilikuwa imepiga zahanati. Seva iliungua mpaka plastiki yake ikadondoka sakafuni.

Subilaga ndiye aliyekuwa akiitunza seva hiyo. Kabatini kwake alikuwa na nakala ya zamani ya programu zake, ile iliyoletwa siku ya kwanza, na ndiyo aliyokuwa ameishika sasa. Alijua kompyuta mpya ya kiwanda isingekubali kuendeshwa na mfumo wa Linux wa zamani kiasi kile. Kwa hiyo aliamua kuunda kompyuta pepe ndani yake: kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta ya kweli, yenye diski yake, kumbukumbu yake na saa yake, isiyojua kwamba haina mwili.

Aliiunda haraka. Akaipa diski, akaipa kumbukumbu ya kutosha, akaiwasha. Maandishi meupe yalikimbia kwenye kioo cheusi, yakasimama.

HAKUNA DISKI ILIYOPATIKANA. USAKINISHAJI UMEKOMA.

"Si umeipa diski?" Gwakisa aliuliza akiinama nyuma yake.

"Nimeipa. Haiioni." Subilaga aliuma mdomo wa chini. "Diski yenyewe ipo, tatizo ni mlango wa kuifikia. Huu ni mlango wa kisasa, na mfumo huu ulitengenezwa kabla milango ya aina hii haijakuwapo. Ngoja niupe ule wanaoufahamu wazee."

Akaizima, akabadilisha aina ya kidhibiti cha diski, akachagua cha zamani kabisa kilichokuwamo, akawasha tena. Safari hii diski ilionekana. Mstari wa kijani ulianza kujaa kutoka kushoto kwenda kulia. Gwakisa alikaa juu ya gunia la sampuli za chai na kufumba macho.

Simu ya Subilaga iliita. Alikuwa daktari Lusajo.

"Umefika wapi?"

"Inasakinisha, daktari. Huko wanaendeleaje?"

"Wamejaa mpaka kwenye veranda. Vijana wanavumilia, wazee ndio wananitisha. Mwalimu Syabumi ameshindwa kukaa, nimemlaza." Sauti yake ilishuka. "Hospitali ya Mbeya nimewapata. Wanao ufunguo mpya, ule wa baada ya kampuni kufungwa. Umo ndani ya kijiti cha chuma cha kuchomeka kwenye kompyuta, hauwezi kutumwa kwa mtandao. Na barabara imezibwa na maporomoko. Kijana wao atavuka kwa miguu, lakini hafiki kabla ya kesho asubuhi. Hawa wangu hawafiki kesho asubuhi, Subilaga."

"Nimekuelewa."

Mwalimu Syabumi ndiye aliyemfundisha Subilaga kusoma, darasa la kwanza, kwa kumshika kidole na kukipitisha juu ya herufi. Subilaga alilisukuma wazo hilo pembeni na kurudisha macho kwenye kioo.

Mstari wa kijani ulikuwa umesimama.

SAINI YA FAILI SI HALALI. MUDA WAKE UMEPITA.

*

Alijaribu tena, kwa sababu kila fundi hujaribu tena. Jibu likawa lile lile.

Faili zote kwenye nakala ile zilikuwa na muhuri wa kampuni, na muhuri ulikuwa na tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ilipita mwaka mmoja kabla kampuni haijafa. Seva iliyoungua ilikuwa imepewa muhuri mpya, lakini nakala ya kabatini ilibaki na ule wa kale. Mfumo ulitazama tarehe ya leo, ukatazama tarehe ya muhuri, ukakataa kuamini chochote.

"Sasa?" Gwakisa aliuliza.

"Sasa tunaudanganya."

Aliirudisha saa ya kompyuta pepe miaka mitatu nyuma. Akaanza upya. Ikakataa tena, kwa maneno yale yale, na alipoitazama saa aliona imerudi kwenye leo. Alipiga meza kwa kiganja.

"Inakwenda kumuuliza mwenyeji wake," alisema. "Kompyuta ya kiwanda inaiambia ni lini leo, nayo inajisahihisha."

Akatafuta kwenye mipangilio, akakuta kamba iliyoziunganisha saa mbili zile, akaikata. Akarudisha tarehe nyuma mara ya pili. Nje ya dirisha watu wa zamu walikuwa wamekusanyika chini ya upenu wakitazama juu. Mstari wa kijani ulisogea, ukapita pale ulipokwama, ukasogea zaidi, ukajaa.

USAKINISHAJI UMEKAMILIKA. WASHA UPYA.

Gwakisa alicheka kwa sauti, kisha akakohoa. Subilaga hakucheka. Aliiwasha upya, akaunganisha mfumo kwa njia ya simu na antena ya zahanati, ambayo radi haikuigusa na iliyozifikia pampu kupitia minara ya simu, akaiacha isikilize. Pampu zilianza kujitambulisha moja moja, kila moja kwa jina la mwenye nayo na tarehe ya kutengenezwa, kwa rangi ya kijani. Majina ya watu aliowajua. Mchungaji. Mama muuza ndizi wa stendi. Mwalimu Syabumi. Chini kabisa kulikuwa na kitufe kimoja: RUSHA KIBALI.

Kidole chake kilikuwa njiani kuelekea kwenye kitufe hicho alipoona mstari mmoja mwekundu.

"Hilo ni jina langu," Gwakisa alisema.

Alikuwa amesimama. Subilaga alisoma maelezo yaliyokuwa pembeni ya jina, akayasoma tena.

"Dada, imeandika nini? Mbona langu tu?"

"Pampu yako ni mpya," alisema polepole. "Imetengenezwa baada ya tarehe niliyoipa mashine. Kwa mashine hii mwaka huo bado haujafika, kwa hiyo inaona pampu yako haiwezi kuwapo. Inasema ni ya magendo."

"Na ya magendo wanaifanya nini?"

Hakutaka kujibu, lakini mtu alikuwa amesimama mbele yake. "Wanaifunga. Amri ya kufunga inaondoka pamoja na kibali, kwa mrusho mmoja."

"Kuifunga ndiyo kuizima."

"Ndiyo."

Gwakisa alitazama kitufe. Kisha akautazama ukuta wa nyuma, palipokuwa na swichi kubwa ya umeme wa ofisi, hatua chache kutoka alipokuwa. Subilaga aliyaona macho yake yakienda pale na kurudi.

"Ningeweza kuuzima umeme huu sasa hivi," Gwakisa alisema.

"Najua."

"Sitauzima. Lakini na wewe usibonyeze."

*

Alijaribu kusogeza tarehe mbele mpaka siku ya mwisho ya uhai wa muhuri. Pampu ya Gwakisa ilikuwa bado mbele yake, kwa miezi. Alijaribu kulifuta jina, mfumo ukadai ufunguo ambao waliokuwa nao walikuwa wamekwisha kutawanyika duniani. Alijaribu kutenganisha kibali na amri ya kufunga, akagundua kwamba aliyeandika programu ile alikuwa amewaza mapema kwamba siku moja mtu angejaribu hivyo. Simu ikaita tena.

"Nimeona antena imeamka," daktari Lusajo alisema. "Kwa nini hamrushi?"

Akamweleza. Upande wa pili alisikia watu wakihema.

"Mmoja," daktari alisema hatimaye.

"Mmoja, ndiyo. Yupo hapa."

"Ananisikia?"

"Anakusikia."

Daktari alivuta pumzi. "Gwakisa, mdogo wangu, mimi ndiye niliyekupeleka Mbeya ukapasuliwe. Unajua sikutakii baya. Lakini hapa nina watu wanaokufa."

"Na mimi sitaki kufa, daktari," Gwakisa alisema. Hakupaza sauti. "Nina mwendo mdogo, lakini mpaka kesho nafika, moyo wangu bado una nguvu. Mkinifunga ndiyo basi. Niacheni nitoke kwenye njia ya mawimbi yenu, halafu mrushe."

"Utoke uende wapi? Minara ya simu imejaa wilaya nzima. Kuitoka kwa gari ni zaidi ya saa moja."

Gwakisa alikuwa tayari ameshika mlango. "Lile tanuri la kukaushia chai," alimwambia Subilaga. "Lile kubwa. Nikiwa ndani nalisafisha, simu yangu haijawahi kuita hata siku moja. Ni chuma kitupu pande zote."

Subilaga aliielewa hoja ile mara moja. Mawimbi yale yale yaliyobeba simu ndiyo yangebeba amri. "Daktari, nipe dakika chache."

"Kila dakika unayoniomba mimi siyo yangu, Subilaga."

"Naiomba hivyo hivyo."

Walishuka ngazi. Tanuri lilikuwa katikati ya kiwanda, sanduku la chuma kubwa kuliko chumba cha kulala, bado lina uvuguvugu wa zamu ya asubuhi na harufu nzito ya chai iliyoungua kidogo. Gwakisa aliingia akiinama, akakaa sakafuni, wafanyakazi wawili wakasukuma mlango na kukaza komeo. Subilaga alipiga namba ya Gwakisa, aliyompa wakishuka ngazi.

Simu iliita. Aliisikia kwa masikio yake mwenyewe, mlio mwembamba ukitoka ndani ya chuma.

"Inaita!" Gwakisa alipiga kelele kutoka ndani. "Mpira wa mlango! Tuliutoa wiki iliyopita, kuna upenyo!"

Upenyo ulikuwepo kweli, mwembamba, ukizunguka mlango mzima. Subilaga alitazama huku na huku. Ukutani yalipangwa magunia ya kusafirishia chai, yale ya karatasi ngumu yenye utando wa alumini kwa ndani.

"Yachaneni," aliwaambia wafanyakazi. "Upande unaong'aa ndio tunaoutaka. Shindilieni kwenye upenyo kote, juu mpaka chini."

Walichana, wakakunja, wakashindilia kwa bisibisi na kwa vidole. Alipiga tena. Simu iliita. Waliongeza tabaka la pili kwenye bawaba. Kabla hajapiga, simu yake mwenyewe iliita.

"Mwalimu Syabumi anaondoka," daktari Lusajo alisema. Sauti yake haikuwa na hasira tena. "Namkandamiza kifua kwa mikono. Rusha sasa."

Subilaga alikuwa ameshuka na kompyuta mpakato ya ofisi mkononi, imeunganishwa na ile ya juu, na kitufe kilikuwa pale kwenye kioo. Kidole chake kilikuwa juu yake. Aliufikiria uso wa mwalimu. Kisha alisikia Gwakisa akiuliza kutoka ndani ya chuma, kwa sauti ya mtu anayejitahidi isitetemeke, "Tayari? Nikae vipi?"

"Bado," Subilaga alisema, na hakujua alikuwa akimjibu nani. Akakata simu ya daktari.

Akapiga ya Gwakisa. Iliita mara moja, ikakatika. Wakashindilia pembe ya chini ya kushoto, palipokuwa na mwanga mwembamba kama uzi. Akapiga tena, akisikiliza kwa mwili mzima.

Mteja unayempigia hapatikani.

Akabonyeza.

Majina yaliondoka moja baada ya jingine, na mbele ya kila moja ikaandikwa KIMEPOKEWA. Mbele ya mstari mwekundu ikaandikwa HAJIBU. Jina moja la kijani nalo likaandikwa HAJIBU, na alilisoma kabla hajataka kulisoma.

Alizima antena. Alihakikisha mara mbili kwamba imezimika ndipo akawaambia wafungue. Gwakisa alitoka kwa magoti, amelowa jasho, majani ya chai yamemganda usoni, akalala chali sakafuni. Kifua chake kilipanda na kushuka taratibu.

"Wamepona?" aliuliza.

Subilaga alifunga kompyuta mpakato.

*

Asubuhi yake kijana wa Mbeya alifika, suruali imejaa tope mpaka kiunoni, kijiti cha chuma kimefungwa shingoni kwa kamba. Kwa ufunguo mpya kompyuta pepe ilikubali kuishi katika tarehe ya leo. Mstari wa Gwakisa ukawa wa kijani. Alipoisikia pampu yake ikiongeza mwendo alifunika uso kwa mikono, akatoka nje peke yake.

Daktari Lusajo alimshika Subilaga mkono kwenye veranda ya zahanati. Hakuwa amelala.

"Unakwenda msibani?"

"Nakwenda."

"Sikiliza. Mwalimu alikuwa mzee, na seva iliungua kwa radi. Tukisema mitambo ilichelewa, hatujasema uongo."

"Mitambo ilikuwa tayari, daktari. Wewe mwenyewe uliniuliza kwa nini sirushi."

"Nilikuuliza. Na jana jioni nilikuchukia. Leo sijui. Lakini ukiwaambia, watamtafuta Gwakisa."

"Jina lake sitalitaja."

Nyumba ya mwalimu Syabumi ilikuwa karibu na shule. Mabenchi yalikuwa yamepangwa uani, wanaume wamekaa kimya kimya, wanawake wako ndani. Tupokigwe, binti wa marehemu, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitenge kimefungwa kiunoni. Yeye na Subilaga walikaa dawati moja utotoni.

"Ndaga, Subi," alisema, akimshukuru kwa kufika. "Daktari ameniambia ulihangaika sana."

"Pole, Tupoki. Nimekuja kukwambia jambo, na nataka ulisikie kwangu."

Akamwambia. Hakupamba wala hakujitetea. Alimweleza kwamba mashine ilikuwa tayari, kwamba kulikuwa na mtu mmoja ambaye kibali kingemuua, kwamba walimficha ndani ya chuma na kuziba mianya, na kwamba wakati wanaziba, mama yake alikuwa akikandamizwa kifua na yeye Subilaga alijua.

Tupokigwe alisikiliza huku akitazama moshi wa jikoni. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Huyo mtu yu hai?"

"Yu hai."

"Ungebonyeza mara ya kwanza, mama angekuwa hai?"

"Nadhani angekuwa hai. Sina hakika, lakini nadhani."

"Huyo mtu mlimuuliza?"

"Alikuwepo. Alisema hataki kufa."

"Na mama mlimuuliza?"

Ndani, wanawake walikuwa wameanzisha wimbo wa kanisani, chini chini. Subilaga alitaka kusema kwamba mwalimu alikuwa amezimia, kwamba hakukuwa na nafasi, kwamba mkono wake mwenyewe usingeweza kumfunga mtu aliyekuwa akimsikia akihema nyuma ya mlango. Yote yalikuwa kweli.

"Hatukumuuliza," alisema.

"Kwa hiyo aliyekuwa karibu ndiye aliyesikilizwa."

"Ndiyo."

Tupokigwe alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke. Subilaga alingoja atukanwe, angeona afadhali. Badala yake mwenzake alijifuta kwa ncha ya kitenge, akausukuma mlango ukafunguka wote.

"Wamo wajomba, wamo wanangu, wamo wanafunzi wake," alisema. "Wote wanaamini ni radi. Mimi sitawaambia kwa niaba yako, na sitawadanganya pia. Ingia, uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze kitu."

Subilaga alivua viatu. Wimbo ulikatika alipoingia, na watu wakamsogezea nafasi kwenye mkeka, wakidhani amekuja kulia pamoja nao. Alikaa, akakunja miguu, akasubiri Tupokigwe naye aketi.

"Jana mchana," alianza, "nilikuwa na kibali cha mwalimu mkononi, nikakizuia."